Onyesha Kabla Hujapaka



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wetu hulipeleka kwa muuza duka kabla ya kulipeleka kwa tabibu: kidonda, kipele, uvimbe au doa linalojitokeza sehemu za siri na mwenyewe asijue limetoka wapi. Nitayataja mambo kwa majina yake. Waliokuja na wazee wao wanisamehe mapema, maana nikianza kuzungukazunguka hapa jukwaani nitakuwa nawafundisha kuzungukazunguka mbele ya daktari.

Mtu anapokigundua kitu hicho, akiwa anaoga au anavaa, swali linalomjia kwanza ni "Nani kaniletea?" Mwenye ndoa anakuwa na jina moja kichwani. Asiye na ndoa anaanza kuhesabu. Swali la "Hiki ni nini?" linabaki nyuma na siku zinapita, kwa sababu lile la kwanza limejaa hasira na hofu, na mwenye hasira hana subira ya kukaa foleni zahanati. Ninachowaomba jioni ya leo ni kuyatenganisha maswali hayo mawili, na kuanza na la pili. Kidonda kionwe na mtu aliyesomea, mapema, kabla hakijapakwa kitu, na kabla hajalaumiwa mtu.

Nianze na kaswende, kwa kuwa ndiyo inayotudanganya kuliko yote. Mtu akiambukizwa leo hana dalili yoyote kwa wiki 3 hivi. Kwa wengine ni siku 10 tu, kwa wengine hadi siku 90. Kisha hutokea kidonda, mara nyingi kimoja, cha mviringo, kingo zake ngumu ukizigusa, ndani yake pasafi, na hakiumi. Kwa mwanamume kikijificha chini ya govi, au kwa mwanamke kikitokea ndani ya uke au kwenye mlango wa kizazi, mwenyewe anaweza asikione wala kukihisi. Tezi za kinena huvimba kidogo, nazo haziumi. Baada ya wiki 3 hadi 6 kidonda hufunga chenyewe bila dawa yoyote.

Hebu fikirini maana yake. Kidonda kinachofunga chenyewe ndani ya wiki 6 kitampa sifa kila aliyekigusa. Aliyekiosha kwa maji ya chumvi atasema chumvi ndiyo dawa. Aliyekwenda kwa mganga akaambiwa amenasa kwenye tego la mume wa mtu, akatoa kuku na fedha ili tego liteguliwe, atakuwa shahidi wa mganga huyo maisha yake yote. Aliyenunua vidonge vya kuchanganya dukani atamwelekeza rafiki yake duka hilohilo. Watu hawa hawasemi uongo. Wameona kwa macho yao kidonda kikikauka. Wasichokiona ni bakteria walioingia kwenye damu na kusambaa mwilini wakati ngozi ikijifunga.

Wiki au miezi michache baadaye unaweza kuja upele usiowasha, mwili mzima, hadi viganjani na kwenye nyayo. Nywele hudondoka kwa mafungu, homa huja na kuondoka, na sehemu za siri huota vinyama bapa vyenye majimaji. Hayo nayo hupotea yenyewe. Halafu inafuata miaka ya kimya. Mtu anafanya kazi, anaoa au anaolewa, anazaa au anashindwa kuzaa.

Tunajua kinachofuata kwa sababu wapo watu walioachwa bila matibabu na kufuatiliwa. Mjini Oslo, Norwei, kati ya mwaka 1891 na 1910, daktari Caesar Boeck alikataa kuwapa wagonjwa wake wa kaswende zebaki, dawa ya enzi ile, kwa kuona kwamba inawaumiza kuliko inavyowasaidia. Walikuwa karibu 2,000. Miongo kadhaa baadaye Trygve Gjestland alizipekua kumbukumbu zao, na mwaka 1955 akachapisha alichokikuta: zaidi ya robo yao walikuja kupata madhara makubwa, wengine ya ngozi na mifupa, wengine ya moyo na mshipa mkuu wa damu, wengine ya ubongo.

Sisi hatuna sababu ya kufika huko. Mdudu mwenyewe alionekana kwenye darubini mjini Berlin mwaka 1905, mbele ya Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann. Mwaka 1943 John Mahoney na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba penisilini inamuua, na hadi leo hajajifunza kuishinda dawa hiyo. Kwa kaswende ya mwanzo, benzathini penisilini ya yuniti milioni 2.4, sindano ya takoni, mara moja, inatosha. Inauma, sitawaficha. Lakini linganisheni maumivu ya mchana mmoja na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 kuhusu wajawazito wa mkoani Mwanza. Miongoni mwa wale waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa, robo walijifungua mtoto mfu. Miongoni mwa wasio na kaswende, ni mmoja katika 100. Waliochomwa sindano hiyo moja wakati wa ujauzito walifanana na wasio na ugonjwa. Nikikumbuka takwimu hizo siwezi kulizungumzia jambo hili kwa sauti ya chini.

Magonjwa mengine ya zinaa yanayoleta vidonda nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa kazi ya kuyatambua ni ya tabibu na si yenu. Malengelenge ya sehemu za siri, yanayoletwa na virusi vya herpesi, huanza na mwasho au hali ya kuungua, kisha vijipu vidogo vya maji vilivyokaa pamoja, vinapasuka na kuwa vidonda visivyo na kina vinavyouma sana, hasa mkojo ukipita. Vinapona, vinarudi, vinapona, vinarudi. Siku hizi malengelenge ndiyo yanayoongoza kwa kuleta vidonda vya sehemu za siri katika sehemu kubwa ya Afrika. Pangusa, iliyowatesa wazee wetu, huleta kidonda chenye kingo zilizochakaa, kinachouma na kutoa damu, pamoja na mitoki inayoweza kupasuka usaha, lakini imepungua mno. Masundosundo ni vinyama vinavyoota polepole bila kuuma. Na tangu mwaka 2024 inatubidi kuongeza mpox, kwani aina yake iliyojitokeza Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu Kivu Kusini, mwaka 2023, iliwaanza watu wengi kwa vipele na vidonda sehemu za siri kabla haijavuka mipaka na kuingia nchi jirani. Mtu mwenye homa, tezi zilizovimba na vipele vya namna hiyo aende kituoni akiwa amejifunika, na aseme mlangoni kabla hajakaa na wenzake.

Kuna jambo moja kuhusu vidonda vyote hivi ambalo utafiti wake mkubwa ulifanyika hapahapa Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Herbert Nsanze wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Allan Ronald wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kuchunguza mlipuko wa pangusa jijini Nairobi. UKIMWI ulipoingia, watafiti wa kundi hilo walikuwa mahali pazuri pa kuona kinachotokea, na mwaka 1989 walichapisha walichokikuta kwa wanaume waliokuja kliniki ya magonjwa ya zinaa: wenye vidonda walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU. Ngozi iliyochubuka ni mlango ulio wazi, na chini ya kidonda zimejaa chembe za kinga ambazo virusi huzitafuta.

Kisha likaja jaribio la Mwanza, kati ya 1991 na 1994. Jamii 12 zilishiriki. Sita kati yake ziliboreshewa huduma za magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya vilevile walivyovizoea: watumishi wakafundishwa kutibu kwa kuangalia dalili, dawa zikahakikishwa hazikosekani, na wananchi wakahimizwa kwenda mapema. Sita nyingine zilisubiri zamu yao. Maambukizi mapya ya VVU katika jamii zilizoboreshewa huduma yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Baadaye, huko Rakai nchini Uganda, watafiti waliwapa watu dawa kwa mkupuo nyumba kwa nyumba, na upungufu wa VVU haukuonekana. Wataalamu wameijadili tofauti hiyo kwa miaka mingi, na sehemu ya maelezo yao ni kwamba janga lenyewe lilikuwa katika hatua tofauti Rakai na Mwanza. Mimi nashikilia upande mmoja wa habari hii: Mwanza mtu mwenye dalili alikuja kwa miguu yake, akaonwa, akatibiwa siku ileile, karibu na kwake. Zahanati ya kijiji ilifanya kazi ambayo dunia nzima iliisikia.

Sasa nigeukie upande ambao hausemwi, nao ndio ulionifanya nikubali kuja. Vitu vingi vinavyoota sehemu za siri havikuletwa na mtu yeyote.

Nitawachorea mgonjwa mmoja, niliyemtunga ili nisimtaje wa kweli. Ni dereva wa basi la mkoani, mtu wa makamo. Mara kadhaa kwa mwaka, akitoka safari, hurudi nyumbani na doa jekundu linaloelekea weusi kwenye kichwa cha uume, la mviringo, lenye ukubwa wa sarafu, linalowasha na kuungua. Kesho yake ngozi ya juu inainuka na kuchubuka. Baada ya wiki moja au mbili linapona na kuacha alama nyeusi. Mkewe hahitaji kuambiwa. Kila doa lina safari yake, na safari zina wanawake wa njiani. Bwana ameshachomwa sindano za kaswende, mkewe naye kachomwa, wazee wa pande zote mbili wameshakaa kikao, na doa bado linarudi.

Mbele ya tabibu aliyepata muda wa kuuliza, mazungumzo yanakuwa hivi:

"Mzee, mara ya kwanza lilitokea wapi?"

"Hapohapo."

"Na mara iliyofuata?"

"Hapohapo, daktari. Ndiyo maana nasema huyu mdudu hafi."

"Kabla halijatokea safari hii, ulikuwa umekunywa dawa gani?"

"Dawa? Tumbo tu liliniharibikia Singida, nikanunua septrini."

Na katika mfuko wa shati, nyuma ya leseni, kipo kipande cha karatasi ya vidonge kilichobaki. Kila safari tumbo likimsumbua, hununua hizohizo. Ngozi yake haipatani na dawa za salfa, na mzio wa namna hii una tabia moja ya ajabu: kila dawa ikirudi mwilini, doa linarudi palepale lilipokuwa, ndani ya saa chache. Mahali panapopendwa na mzio huu ni midomo, viganja na kichwa cha uume. Kwa wanawake unaweza kutokea kwenye mashavu ya uke. Salfa haiko peke yake. Tetrasaiklini na baadhi ya dawa za maumivu hufanya hivyohivyo. Wenye umri wangu mtakumbuka kwamba kuanzia 2001 hadi 2006 dawa kuu ya malaria Tanzania ilikuwa SP, nayo ina salfa ndani yake. Mtu akiugua homa, akameza SP, akatokwa na doa, ni nani angeihusisha malaria na ugomvi wa chumbani?

Tabibu mzuri bado atampima dereva huyu kaswende na VVU, kwa sababu mzio haumkingi mtu na magonjwa mengine. Kisha ataandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu kwamba asipewe salfa tena. Na nawaomba wanaotumia septrini kila siku kwa maelekezo ya kliniki ya VVU wasije wakaiacha kwa kunisikia mimi. Mkiona doa, rudini kliniki. Dawa mbadala zipo.

Kuna vitu ambavyo si ugonjwa kabisa. Vijana wa kiume huja wakitetemeka kwa sababu ya vipele vidogovidogo, vyeupe, vya ukubwa mmoja, vilivyojipanga kuzunguka shingo ya kichwa cha uume kama shanga kwenye uzi. Ni maumbile. Haviambukizi, havigeuki kuwa kitu kingine, havihitaji dawa. Wanawake nao wana vinyama laini vya namna hiyo kwenye mlango wa uke. Nukta ndogo za rangi ya maziwa kwenye ngozi ya uume au mashavu ya uke ni tezi za mafuta. Wapo vijana wanaojichoma na dawa kali kuondoa vitu hivi, wakazaa kidonda halisi pasipokuwa na kidonda. Dakika 2 za kuangaliwa zingewaokoa.

Kwa wasichana na kina mama wa kandokando ya Ziwa Victoria, wa Unguja na Pemba, na wa mabonde ya mpunga, kuna kichocho. Wengi wetu tunakijua kwa mkojo wa damu wa watoto. Mayai ya minyoo hao hukwama pia kwenye mlango wa kizazi, ukeni na kwenye mashavu ya uke, yakaleta uvimbe, vidonda, uchafu na damu baada ya tendo la ndoa. Inakadiriwa kwamba wanawake hadi milioni 56 Afrika wana hali hii. Mama huyu hutibiwa magonjwa ya zinaa mara nyingi kadiri ya mara anazokwenda, na kila mara anatakiwa amlete mume. Chanzo ni maji aliyoogelea au kufulia tangu utotoni. Kama umekulia maeneo hayo, mwambie tabibu hata asipouliza.

Na sasa niwazungumzie bibi zetu. Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi anapata mwasho wa usiku usiomwacha alale. Ngozi ya mashavu ya uke inakuwa nyeupe, nyembamba, inachanika ikikunwa, na pole kwa pole mashavu madogo yanasinyaa. Anakanda na maji ya moto. Anaosha kwa shabu. Anapaka mafuta ya nazi. Anakaa nayo miaka, kwa sababu zahanati kuna kijana wa umri wa mjukuu wake, na yeye hajawahi kumvulia nguo mtu zaidi ya marehemu mumewe na mkunga. Ugonjwa huu madaktari huuita laikeni sklerosasi. Hauambukizi, hauhusiani na zinaa, na mafuta ya steroidi yenye nguvu, yakipakwa kwa mpango wa daktari, humrudishia usingizi. Kwa wachache, ngozi hiyo ikiachwa inaweza kuota saratani. Kidonda kisichofunga, uvimbe mgumu, sehemu inayovuja damu kila ikiguswa: hivyo havisubiri. Mwanamume mwenye govi lisilofunguka na chini yake kuna harufu, uvimbe au majimaji yenye damu, naye asisubiri.

Vijana mliomo humu ambao ni watumishi wa afya, bibi huyu akiingia, simameni, mpeni shikamoo, mfungieni mlango, mwiteni muuguzi wa kike, mpeni kanga ya kujifunika. Akiona anaheshimiwa atawaonyesha. Na kwa wagonjwa wa rika lolote, liondoeni kabisa swali la "Umeyatoa wapi haya?" Nimelisikia likiulizwa kwa sauti iliyofika kwenye mabenchi ya foleni. Mtu aliyeulizwa hivyo harudi, na kidonda kinachofuata atakipeleka dukani.

Habari ya dukani inanirudisha kwenye kupaka. Muuza duka la dawa wa mtaani ana huruma na anataka kusaidia, lakini hakioni kidonda. Anaelezewa tu, tena kwa mafumbo. Anachotoa mara nyingi ni krimu ya mchanganyiko: kidogo ya kuua fangasi, kidogo ya kuua bakteria, na steroidi ya kutuliza mwasho. Steroidi hufanya kazi haraka, mwasho unapoa siku ileile, na mtu anaamini. Chini yake fangasi wanasambaa bila wekundu uliokuwa ukiwaonyesha mpaka wao, malengelenge yanachimba zaidi, na ngozi laini ya pale inachakaa. Dawa ya zambarau hufunika rangi yote ya kidonda. Vidonge vya antibiotiki vilivyomezwa nusu vinaweza kuuvuruga ugonjwa bila kuumaliza. Azithromaisini, wanayoipenda wengi kwa urahisi wake, imeshashindwa na kaswende katika sehemu nyingi za dunia. Mgonjwa anapofika mbele ya mtaalamu, kilichobaki kuangaliwa ni kazi ya dawa, na ugonjwa umejificha nyuma yake.

Kwa hiyo ukigundua kitu, osha kwa maji safi ya kawaida, kausha, vaa nguo ya pamba, acha kukamua, acha kupaka, na acha tendo la ndoa mpaka umeonwa. Kama ni kitu kinachokuja na kuondoka, kipige picha kwa simu yako siku kilipo, na picha hiyo ibaki hapo kwenye simu yako mpaka uwe mbele ya tabibu. Kusanya maganda ya dawa zote ulizomeza mwezi huo, pamoja na za mitishamba, za malaria, za mgongo na za kuongeza nguvu.

Kisha liandae neno la kusema. Hili nalisisitiza kwa sababu hapo ndipo safari nyingi zinapokwama. Mtu amepanga foleni tangu alfajiri, akikaa mbele ya daktari anasema "Tumbo linaniuma." Daktari anaandika dawa ya tumbo. Mgonjwa anasimama, anashika kitasa cha mlango, ndipo anageuka: "Halafu daktari, kuna kitu kingine kidogo." Wengine hawageuki. Semeni sentensi hii nyumbani mpaka iwe nyepesi mdomoni: "Nina kidonda sehemu za siri, naomba uniangalie." Haina haja ya kuongezwa kitu. Una haki ya kuomba mhudumu wa jinsia yako, kuomba mlango ufungwe, kuomba muuguzi awepo. Kwa Waislamu wenzangu wanaojizuia kwa ajili ya sitara, masheikh watawaambia kwamba dharura ya tiba inaruhusu tabibu kuona panapohitajika, na wa jinsia yako akiwepo ndiye wa kutangulizwa. Ukiandikiwa dawa bila kuangaliwa, sema kwa adabu: "Samahani daktari, naomba ukione kwanza."

Atakayekuangalia atavaa glavu, ataomba mwanga, atapapasa kinena, na huenda akatazama kinywa, viganja na nyayo zako; usishangae, anazifuata nyayo za kaswende. Atauliza kidonda kilianza lini, kinauma au hakiumi, kimewahi kutokea hapohapo, umekunywa nini, una ujauzito, umelala na nani. Swali la mwisho analiuliza kama anavyouliza ulikula nini ukiwa na tumbo la kuhara. Mjibu ukweli. Utatobolewa kidole kwa kipimo cha haraka cha kaswende na VVU.

Majibu ya kipimo yanahitaji maelezo, na naona yanavunja nyumba kwa kukosa maelezo. Katika siku za mwanzo za kidonda, kipimo cha kaswende kinaweza kutoonyesha kitu, kwa hiyo tabibu anaweza kukutibu hata hivyo na kukupangia tarehe ya kupima tena, kaswende na VVU vyote. Upande wa pili, kipimo cha haraka hutafuta alama ambazo mwili hutengeneza na kuzihifadhi. Mtu aliyetibiwa kaswende akapona miaka 15 iliyopita, kipimo hicho kitaendelea kumwonyesha. Mzee aliyeugua buba utotoni naye kitamwonyesha, kwa sababu mdudu wa buba ni ndugu wa mdudu wa kaswende. Kuna kipimo kingine, cha kiwango, kinachosaidia kujua kama ugonjwa upo hai. Mjamzito akiambiwa kliniki kwamba ana kaswende, achomwe sindano siku hiyo, kwa usalama wa mtoto. Kumhukumu mume au mke kwa mstari mmoja wa kipimo ni kukipa kipimo kazi kisichoiweza. Na malengelenge yanaweza kukaa kimya mwilini kwa miaka kabla ya kujitokeza mara ya kwanza. Kutokea kwake mwaka huu hakusemi kwamba yaliingia mwaka huu.

Ikiwa ni ugonjwa wa zinaa, mwenza atatibiwa pia, hata kama hana dalili. Mweleze mwenyewe kwa maneno ya tabibu, au muombe tabibu akusaidie kumwita. Anayeogopa kupigwa aseme hivyo katika chumba cha tabibu, watumishi wamefundishwa njia nyingine.

Kwa mtoto, msifanye upelelezi nyumbani. Vinyama au vidonda vya mtoto vinaweza kutoka kwenye mikono ya mlezi, upele wa kawaida, ngozi iliyochubuliwa na mkojo. Vinaweza pia kuwa dalili kwamba ametendewa uovu. Mpeleke hospitali leo, bila kumwogesha kwa dawa na bila kumfundisha la kusema. Huko, kama kuna shaka, wataungana na dawati la jinsia na watoto la polisi.

Mwisho, nizungumzie kidonda kisichosikia dawa. Ukitibiwa ipasavyo na wiki 2 zikapita bila nafuu, rudi. Usibadilishe duka, rudi kwa aliyekuona, aone mabadiliko, akuandikie rufaa. Wapo katika baadhi ya wilaya maafisa tabibu waliosomea ngozi na magonjwa ya zinaa, wengi wao wakiwa wamepitia kituo cha mafunzo kilichofunguliwa Moshi, pembeni ya hospitali ya KCMC, mwaka 1992. Huenda ukaambiwa kinakatwa kinyama cha kupima. Utachomwa ganzi, kitakatwa kipande kidogo kuliko punje ya mchele, pengine na uzi mmoja wa kushona, na utarudi nyumbani siku ileile. Kipande hicho huwekwa kwenye chupa ya dawa na kupelekwa maabara ya patholojia, na majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Ni katika wiki hizo ndipo wagonjwa wengi wanapopotea. Hakikisha chupa imeandikwa jina lako kabla hujatoka chumbani. Acha namba 2 za simu, yako na ya mtu unayemwamini. Uliza tarehe ya majibu na dirisha la kuyaulizia, na siku hiyo usipopigiwa simu, nenda mwenyewe.